Mama Aliimalizia Sentensi Kabla Yangu

SWALI

Mzee wetu wa safu hii, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mkoani Tanga, na kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikiandika riwaya yangu ya kwanza, alfajiri kabla ya kwenda kazini na usiku watoto wakishalala. Riwaya inahusu familia moja iliyoishi katika shamba la mkonge miaka ya 1950. Baba ni mmoja wa manamba, vibarua wa mkataba, waliotoka Kigoma, na binti yake, Mwanaidi, anafanya kibarua cha kuanika singa, yaani nyuzi za mkonge, juani. Muswada una sura 24 na kurasa 310.

Nilipoumaliza niliuweka kabatini miezi mitatu bila kuugusa, kisha nikaanza kumsomea mama yangu kwa sauti, kwa kuwa yeye macho yake yana mtoto wa jicho na hawezi kusoma mwenyewe. Tulikwenda vizuri hadi sura ya sita. Nilipofika mahali palipoandikwa “Mwanaidi akaiweka barua chini,” nikanyamaza kidogo ili nigeuze ukurasa, na mama akaniwahi: “Akashusha pumzi.” Niligeuza ukurasa nikakuta ndivyo nilivyoandika, neno kwa neno. Nilimwuliza amejuaje. Akanijibu, “Watu wako wote ndivyo walivyo, mwanangu. Wakipata habari yoyote, nzuri au mbaya, wanashusha pumzi.”

Usiku ule sikulala. Nilifungua kompyuta nikatafuta “akashusha pumzi” nikaikuta mara 38. Nikatafuta “ghafla” nikaikuta mara 83. Nilipoanza kuchunguza nikaona mengine ambayo kompyuta haiwezi kunihesabia. Sura 17 kati ya 24 zinaishia kwa methali. Kuna ugomvi mkubwa mara 11 katika kitabu kizima, na katika tisa kati ya hizo, pale wagomvi wanapokaribia kuambiana ukweli, mtu anapiga hodi mlangoni na mazungumzo yanakatika, hata pale Mwanaidi anapotaka kumwuliza mama yake kwa nini alimficha barua za kwanza. Sikukusudia hata mara moja. Nilidhani kila tukio nimeliandika upya.

Mwalimu mwenzangu amenishauri niache yote kama yalivyo, kwa maana huo ndio mtindo wangu na kila mwandishi ana wake. Kaka yangu yeye amesema nichukue kamusi nibadilishe maneno yaliyozidi, niweke mengine yenye maana hiyo hiyo. Mimi binafsi nimeingiwa na aibu, na ninaogopa kwamba nikiyaondoa yote hayo hakitabaki kitu, kwa sababu huenda hayo ndiyo yote niliyo nayo. Nakuandikia hapa chini kipande chenyewe cha sura ya sita ili ukione:

“Mwanaidi aliisoma barua ile kwa huzuni. Mjomba aliandika kwamba baba hatarudi tena. Ghafla, macho yake yakajaa machozi. Mwanaidi akaiweka barua chini. Akashusha pumzi. ‘Sikutegemea,’ alisema kwa sauti ya chini.”

Nitajuaje lipi ni mtindo wangu na lipi ni mazoea tu? Na nianzie wapi?

Wako,
Mwenye Muswada, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilisimama pale mama yako alipokuwahi. Msomaji wa macho huruka. Akiona maneno aliyokwisha kuyaona, jicho hupita juu yake bila yeye kujua, na mwandishi anayejisomea kimyakimya huruka zaidi ya wote, kwa sababu anakijua kinachokuja. Msikilizaji hana njia ya kuruka. Kila neno humfikia kwa zamu yake, na likirudi mara ya ishirini humfikia mara ya ishirini. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote la ufundi, nakuomba uendelee kumsomea mama hadi sura ya 24, na uwe na kalamu mkononi. Anachokupa yeye, wahariri wengi niliofanya nao kazi hawakuwa na muda wa kukitoa.

Sasa nije kwenye mashauri mawili uliyopewa, kwa kuwa yote mawili yamesemwa kwa nia njema na yote mawili yatakuumiza ukiyafuata.

Kaka yako anadhani tatizo ni neno. Tuchukulie umemsikiliza, umefungua kamusi, na mahali pa “akashusha pumzi” umeweka “akahema” hapa na “akatweta” pale. Anayetweta ametoka mbio au amepanda mlima. Anayehema kifua kinambana, kwa maradhi au kwa hofu. Anayeshusha pumzi alikuwa na mzigo na sasa ameutua: mtoto aliyepotea ameonekana, matokeo ya mtihani yametoka na jina limo. Ukiyabadilishana maneno hayo kama sarafu za thamani moja utapata kitabu chenye pumzi za kila aina na bado hakuna anayepumua. Lakini ona jambo ambalo kaka yako amelifikia bila kulitafuta. Mwanaidi amesoma kwamba baba yake hatarudi tena. Ametua mzigo gani? Hakuna alichokitua; ndiyo kwanza ametwishwa. Kwa hiyo kosa la sentensi ile haliko katika kurudiwa kwake tu. Hata kama ungeiandika mara hiyo moja katika kitabu kizima, ingekuwa bado haisemi kweli, na hukuliona hilo kwa sababu mkono ulikwisha kuizoea.

Mwalimu mwenzako ana hoja nzito zaidi, na sitaki kuipita haraka. Fasihi yetu haijapata kuona haya kurudia. Katika utenzi, kina cha mwisho cha kila ubeti hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, hata beti zikiwa mia kadhaa. Shairi lina kibwagizo chake. Bibi akisimulia ngano, wimbo ule ule hurudi kila mhusika anapofika kwenye mto mwingine, na watoto huusubiri, na asipouimba humdai. Basi asikutokee mtu akakwambia kwamba kurudia ni kosa. Tofauti ni kwamba mtunzi wa utenzi anakijua kina chake kabla hajaandika ubeti wa kwanza, na kwa kila ubeti anahangaika kukitafutia neno litakalokaa sawasawa. Wewe ulijua habari za pumzi siku mama alipokwambia. Kinachorudi kwa sababu umekiita kina kazi ya kufanya hapo kiliporudi. Kilichorudi chenyewe, bila kuitwa, kinastahili kuulizwa kimefuata nini.

Na kipimo ninachokitumia ni hiki: ondoa maneno hayo, acha pengo, soma tena kwa sauti. Pengo likiuma, yarudishe bila kuona aibu. Likipita bila kusikika, hayakuwa yako, yalikuwa ya mkono wako.

Tukae kidogo kwenye kile kipande cha sura ya sita. Kina sentensi fupi fupi, na katika hizo umetumia huzuni, machozi, pumzi na sauti ya chini, yaani mambo manne ya kunieleza kwamba binti ameumia, nami ningelijua hilo tangu kwenye maneno ya mjomba. Kitu ambacho sikukijua, na ambacho ni wewe tu unayeweza kuniambia, ni jinsi Mwanaidi huyu anavyoumia, tofauti na binti mwingine yeyote duniani aliyepata barua ya namna hiyo. Umeniambia mwenyewe kwamba anaanika singa. Mikono yake basi imekuwaje? Mtu anayeshinda na singa mbichi mikononi, jua likimpiga, ngozi ya vidole hukauka na kupasuka. Barua ya mjomba ni karatasi nyepesi. Karatasi nyepesi hunasa kwenye ngozi iliyopasuka. Akiikunjua itamnasa, akiikunja itamnasa, na huenda akatumia muda mwingi kuinasua bila kuichana, kwa kuwa ndiyo barua pekee iliyopata kufika mikononi mwake. Kisha labda anaikunja kwa kufuata mikunjo ile ile aliyoikunja mjomba, anaichomeka chini ya debe la unga, anarudi kwenye ungo wake kuendelea kuchagua mchele, na mama yake akimwuliza barua inasema nini anajibu kwamba mchele wa leo una chuya nyingi.

Sikuandikii riwaya, mwanangu, na hayo uyaache kama hayakufai. Nimeyaweka ili uone kwamba “akashusha pumzi” ilikuwa imekaa mahali pa kitu kingine. Ulifika mlangoni pa tukio, ukamwona binti na barua, na mkono ukakuletea maneno yaliyokwisha kuwa tayari ili usilazimike kuingia ndani na kutazama vidole vyake. Kwa miaka yangu ya kuhariri nimekuta jambo hilo karibu kila mara: mazoea ya mwandishi hujikusanya pale alipoondoka mapema. Ndiyo maana sitaki uyaonee haya. Yamekuwekea alama, ukurasa kwa ukurasa, mahali pa kurudi.

Kuhusu kompyuta, nakuomba urudie hesabu yako, kwa kuwa lugha yetu haihesabiki kwa kuandika neno zima. Ulitafuta “akashusha pumzi” peke yake. Kuna alishusha, wakashusha, akishusha, ameshusha, kushusha. Tafuta “shusha pumzi” bila kiambishi cha mbele nawe utaona kwamba 38 ni mwanzo tu. Vivyo hivyo kwa tabasamu, kwa tikisa kichwa, kwa kunja uso: tafuta kiini cha neno, uache viambishi vifuate. Ukitaka kujua umetumia mara ngapi ambaye, ambao na ambayo, usiandike “amba” hivi hivi, maana katika kitabu cha mkonge utaletewa kila shamba lililomo humo, pamoja na kila kwamba. Weka nafasi tupu kabla ya herufi ya kwanza. Hilo la amba- ninalitaja kwa sababu wengi wetu tunaofundisha na kuandika barua za ofisini tumelizoea mno, hata tunasahau kwamba “mtu ambaye alikuja jana” anaweza kuwa “mtu aliyekuja jana,” na sentensi ikapungua uzito bila kupoteza kitu.

Neno “ghafla” halihitaji maelezo marefu. Likitangulia, humwonya msomaji kwamba kuna jambo linakuja, na jambo lililotangaziwa haliwezi kuwa la ghafla. Futa yote 83 kwa siku moja, soma tena, na nadhani utayarudisha matatu au manne.

Lililonishughulisha kuliko yote ni hodi.

Mara tisa kati ya 11 watu wako wanakaribia kuambiana ukweli na mtu anapiga hodi. Nimejiuliza kwa nini, na sidhani kwamba ni uvivu. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba ya nyumbani hayasemwi mbele ya watu, kwamba mtoto hamjibu mzazi, kwamba mke na mume wakigombana na mgeni akatokea, uso hukunjuliwa na chai huletwa. Hodi ndiyo iliyotuokoa utotoni. Mara nyingi ugomvi wa wakubwa ulikwishia hapo, nasi tukashukuru. Hivyo ulipokuwa unamwandika Mwanaidi akisimama mbele ya mama yake, tayari kumwuliza kwa nini alificha barua za kwanza, nahisi wewe mwenyewe ulitamani mtu atokee. Na kwa kuwa kalamu ilikuwa mkononi mwako, akatokea. Huo ni upole, nami nauheshimu, lakini kitabu chako kimejengwa juu ya familia ambayo haisemi, na msomaji aliyevumilia kurasa 200 za kutosema ana haki ya kuwasikia walau mara moja wakisema hadi mwisho.

Nakupa kazi. Chagua matukio mawili kati ya hayo tisa, yale unayoyaogopa zaidi. Funga mlango kwa komeo. Usimruhusu jirani, mtoto, mjumbe wala mvua. Waache wazungumze kurasa tatu, hata kama ukurasa wa kwanza utakuwa wa matusi na wa pili wa kurudia yale yale, kwa kuwa watu wakigombana kweli hurudia, na mara nyingi neno lenyewe hutoka wakiwa wamechoka. Ukimaliza unaweza kukata kurasa mbili na nusu. Hodi nyingine mbili au tatu ziache zilivyo: mgeni anayekatiza ugomvi ni jambo la kweli katika nyumba zetu, na baada ya msomaji kuona mara moja kinachotokea asipokuja, hodi inayofuata itamtia hofu yeye pia.

Methali za mwisho wa sura nazo zina asili hiyo hiyo. Sura imefungua jeraha, na methali inakuja kulifunga kwa hekima ya wote, kila mtu aende akalale. Mimi methali nazipenda na sitaki kitabu cha Kiswahili kisicho nazo. Ila ziondoe kwenye sauti ya msimulizi na uwape watu wako, tena mtu asiyestahili kuisema, au anayeisema kwa wakati usiofaa, au anayemfungia nayo mwenzake mdomo. Baba mwenye kadi ya kipande, ile ya kuhesabia siku za kazi, isiyotimia siku 30 za kumpatia mshahara, anayemwambia bintiye mwenye njaa kwamba mvumilivu hula mbivu, amenionyesha unyonge wake kuliko aya nzima ya maelezo. Msimulizi akiniambia maneno hayo hayo mwishoni mwa sura, nafunga kitabu nikidhani yamekwisha.

Umesema unaogopa kwamba ukiyaondoa hayo hakitabaki kitu. Nitakueleza yaliyonipata. Nilipokuwa kijana niliandika riwaya, na baada ya kuiweka mwaka mzima niliisoma nikagundua kwamba kina mama wote waliomo, nao walikuwa wanane, kila mmoja anaonekana kwa mara ya kwanza akiwa jikoni, mgongo umegeuka, moshi umemzunguka. Hakuna aliyekuwa na uso hadi alipoitwa. Lilikuwa jambo baya kuliko neno kurudiwa, kwa sababu yalikuwa mazoea ya macho yangu, si ya kalamu tu. Ndivyo nilivyomwona mama yangu mzazi kwa miaka mingi bila kujua kwamba sijamtazama. Nilikaa na muswada ule miezi minane. Sikubadilisha neno moja la kuwasifu. Nilimtoa mmoja jikoni, nikamkalisha kwenye basi la kwenda hospitali ya wilaya na kitoto kisicho chake, na nikalazimika kuuliza amevaa nini, ana nauli kiasi gani, anamwogopa nani. Sauti yangu haikupotea. Ndiyo kwanza niliisikia. Kwa hiyo, pamoja na kuhesabu maneno, angalia pia unavyowaleta watu: wanawake wako huingia vipi, wazee huingia vipi, na vibarua wasio na jina wanatazamwa na nani.

Jambo moja dogo kabla sijafika kwenye mpangilio wa kazi. Katika kipande ulichoniletea kuna “yakajaa,” “akaiweka,” “akashusha,” na naamini kurasa nyingine zina misururu mirefu zaidi ya -ka-. Usiikimbie -ka-, ndiyo mgongo wa usimulizi wetu, na bibi zetu waliitumia vizuri kuliko sisi. Ila huyapa matendo yote uzito mmoja: akaamka, akanawa, akasikia baba amekufa, akatoka. Palipo na tendo ambalo lingine lote limeliegemea, vunja msururu hapo. Anza sentensi mpya kwa -li-, au tumia -ki- ili tendo moja liwe ndani ya lingine, na sikio litasimama lenyewe bila kuhitaji “ghafla.”

Usirekebishe yote kwa pamoja. Hifadhi nakala ya sasa kwa tarehe yake na usiiguse, ili hofu ya kupoteza isikuzuie kukata. Kisha pitia muswada mzima kwa zoea moja tu, hata ukiona mengine yanakuita. Siku za pumzi ni za pumzi. Chapisha kwenye karatasi kama mfuko unaruhusu, kwa kuwa kwenye kioo cha kompyuta macho huruka zaidi. Na wakati wa kuandika rasimu ya kitabu kingine, Mungu akikujalia, usiyatafute mazoea haya wala usiyakemee. Yaache yaje. Rasimu ya kwanza inayohojiwa kila sentensi haifiki sura ya tatu.

Lakini usianze na pumzi wala na ghafla, ingawa ndizo rahisi. Anza na mlango. Chukua ule ugomvi wa Mwanaidi na mama yake kuhusu barua zilizofichwa, weka komeo, andika. Ukiumaliza msomee mama yako jioni moja mkiwa wawili tu, soma polepole, na usimwambie kwamba umebadilisha chochote. Ukifika mahali ambapo zamani ilikuwepo hodi, nyamaza kidogo kama ulivyonyamaza siku ile ya kugeuza ukurasa, umsikilize atasema nini.